Tarehe Si Sekunde: Makosa ya Kalenda Yanayojirudia Katika Programu

Kasoro nyingi za tarehe ninazokutana nazo ninapokagua misimbo ya wenzangu hutoka kwenye chanzo kimoja, ingawa hujitokeza kwa sura nyingi: mwandishi wa programu amechukua tarehe ya kalenda na kuihifadhi kana kwamba ni nukta fulani ya wakati. Vitu hivi viwili hufanana kwa macho, na lugha nyingi za programu zimetuzoesha kuvitia katika chombo kimoja, lakini havina asili moja. Nukta ya wakati ni ile ile kwa kila mtu. Roketi ikiruka, imeruka kwa dunia nzima kwa pamoja, hata kama saa za ukutani zinasomeka tofauti kutoka nchi hadi nchi. Tarehe ya kalenda ni jina la siku, na siku yenye jina hilo huanza na kwisha kwa nyakati tofauti kulingana na mahali mtu alipo. Siku ya kuzaliwa, siku ya kuanza mkataba, sikukuu, mwisho wa mwezi wa hesabu: yote haya ni majina ya siku, na hayana saa wala ukanda wa saa ndani yake mpaka sisi wenyewe tuyatie.

Tazama kinachotokea tunapoyatia. Mtumiaji aliyeko Berlin anajaza fomu ya usajili na kuchagua 10 Machi 1990 kuwa tarehe yake ya kuzaliwa. Kalenda ndogo iliyo kwenye ukurasa inamtengenezea kitu cha aina ya Date cha JavaScript (lugha ya programu ya vivinjari), ambacho hakiwezi kubeba tarehe tupu, na kwa sababu hiyo kinabeba saa 00:00 ya tarehe 10 Machi kwa saa za Berlin. Fomu inapotumwa, kitu hicho hugeuzwa kuwa maandishi ya JSON (muundo wa kusafirishia data), na kwa kuwa ugeuzaji huo hufanywa kwa UTC (saa ya marejeo ya dunia nzima), kinachofika kwenye seva ni `1990-03-09T23:00:00.000Z`. Seva inakata herufi kumi za mwanzo na kuhifadhi tarehe 9. Kila hatua imefuata kanuni zake bila kukosea, na mtu amezaliwa siku moja kabla ya kuzaliwa.

Sasa tugeuze upande. Seva imehifadhi `1990-03-10` kwa usahihi na inaituma hivyo hivyo. Kivinjari cha mtu aliyeko New York kinaisoma kwa `new Date("1990-03-10")`. Kanuni ya JavaScript ni kwamba maandishi yenye tarehe peke yake husomwa kuwa ya UTC, ilhali maandishi yenye tarehe na saa pasipo kutaja ukanda husomwa kwa saa za mahali. Ni kanuni ambayo sijaona mtu akiikisia kwa usahihi mara ya kwanza. Kwa hiyo kivinjari kinapata saa 00:00 ya UTC, ambayo kwa New York ni tarehe 9 Machi saa 19:00, na ukurasa unaonyesha tarehe 9. Anayejaribu programu akiwa Berlin hataiona kasoro hii ya pili, na anayeijaribu akiwa New York hataiona ile ya kwanza, kwa sababu usiku wa manane wa New York bado ni tarehe ile ile kwa UTC. Timu iliyoko London ndiyo hudanganyika zaidi. Wafanyakazi wake waliozaliwa miezi ya baridi watajisajili na kuona kila kitu ni shwari, na waliozaliwa Julai watarudishwa nyuma siku moja, kwa sababu kivinjari hukumbuka kwamba Julai ya mwaka huo London ilikuwa saa moja mbele ya UTC, saa zikiwa zimesogezwa mbele kwa majira ya joto. Hata hiyo miezi ya baridi ina mwanya: kuanzia Oktoba 1968 hadi Oktoba 1971 Uingereza ilibaki saa moja mbele mwaka mzima, na mtu aliyezaliwa Januari 1970 atapata tatizo ambalo mwenzake wa Januari 1975 halijui.

Dawa ya mkato inayopendwa ni kuhifadhi saa 12:00 mchana ya UTC badala ya usiku wa manane, kwa hoja kwamba saa kadhaa za kwenda mbele au kurudi nyuma hazitavuka mpaka wa siku. Hoja hiyo ni ya kweli kwa Ulaya, Afrika, Amerika na sehemu kubwa ya Asia. Haina ukweli kwa New Zealand, ambako tofauti na UTC ni saa 12 au 13, wala kwa kisiwa cha Kiritimati, ambako ni saa 14. Huko saa 12:00 ya UTC tayari ni siku inayofuata. Ujanja unaofanya kazi kwa watu wengi ni mbaya kuliko ule usiofanya kazi kabisa, kwa sababu unakaa ndani ya mfumo kwa miaka.

Suluhisho halina ujanja wowote. Tarehe isiyo na saa ihifadhiwe katika aina ya data isiyo na saa: DATE katika hifadhidata, `date` katika Python, `LocalDate` katika Java, `DateOnly` katika .NET, `Temporal.PlainDate` katika JavaScript ya sasa. Inafaa kukumbuka kwamba aina hizi zilichelewa sana. Java ilipata `LocalDate` mwaka 2014 kwa toleo la 8, na .NET ikapata `DateOnly` mwaka 2021 kwa toleo la 6, kwa hiyo kuna mifumo mingi mizuri iliyoandikwa wakati ambapo chaguo sahihi halikuwapo kabisa ndani ya lugha. Pale ambapo aina hiyo haipo, maandishi ya `1990-03-10` yanayopita kutoka fomu hadi hifadhidata bila kuguswa na mtu ni salama kuliko kitu chochote chenye saa ndani yake.

Mchanganyiko huo huo wa tarehe na sekunde ndio unaozaa imani kwamba siku ina sekunde 86,400. Siku nyingi zinazo. Katika Berlin, tarehe 31 Machi 2024 ilikuwa na saa 23 na tarehe 27 Oktoba 2024 ilikuwa na saa 25, kwa sababu saa zilisogezwa mbele na baadaye zikarudishwa. Programu inayotoa ripoti ya kila siku kwa kuanza na usiku wa manane na kuongeza sekunde 86,400 kila mzunguko itafika tarehe 27 Oktoba saa 00:00, itaongeza, na itajikuta tarehe 27 Oktoba saa 23:00. Ripoti ya siku hiyo itatoka mara mbili. Kinyume chake hutokea katika kuhesabu: ukitoa usiku wa manane wa 1 Machi kutoka usiku wa manane wa 1 Aprili, ukagawanya kwa milisekunde za siku moja na kukata desimali, utapata siku 30 badala ya 31, kwa kuwa saa moja imepotea njiani.

Wapo wanaodhani kwamba angalau usiku wa manane wenyewe upo kila siku. Nchini Brazil, kabla ya utaratibu wa kusogeza saa kufutwa mwaka 2019, saa zilikuwa zikisogezwa mbele usiku wa manane hasa. Tarehe 4 Novemba 2018 huko São Paulo ilianza saa 01:00. Saa 00:00 ya siku hiyo haikuwahi kutokea. Ukiiomba maktaba ikupe mwanzo wa siku hiyo kwa kuweka saa, dakika na sekunde kuwa sifuri, jibu linategemea maktaba: moja itakupa saa 01:00, nyingine saa 23:00 ya tarehe 3. Na ukitaka kuona siku nzima ikikosekana, Samoa iliruka kutoka 29 Desemba 2011 hadi 31 Desemba 2011 ilipohamia upande wa pili wa mstari wa tarehe. Mtu akiandika kanuni ya uhakiki inayosema kwamba kila siku ya kazi lazima iwe na kumbukumbu yake, Ijumaa hiyo ya Samoa itamsubiri.

Hesabu ya miezi ndiyo sehemu ninayoiona ngumu kuliko zote, kwa sababu hapa tatizo haliko kwenye saa wala kwenye kompyuta. Liko kwenye swali lenyewe. Mwezi mmoja baada ya 31 Januari ni lini? Hakuna 31 Februari, kwa hiyo yeyote anayejibu amechagua kanuni. Lugha ya PHP, ukiiambia `+1 month`, huenda hadi 31 Februari ya kufikirika kisha humwaga siku zilizozidi katika Machi, na kwa mwaka 2023 utapata 3 Machi. JavaScript hufanya vivyo hivyo. Java kwa `plusMonths`, na hifadhidata ya PostgreSQL kwa `interval '1 month'`, hubana jibu ndani ya mwezi na kukupa 28 Februari. Mfumo ambao ukurasa wake umeandikwa kwa JavaScript na seva yake kwa Java unaweza kumwonyesha mteja tarehe moja ya malipo na kumkata fedha tarehe nyingine, na kila upande utakuwa na ushahidi wa kujitetea.

Kubana ndani ya mwezi ni kanuni ninayoipendelea, lakini ina mtego wake. Chukua usajili ulioanza 31 Januari 2023, ambao programu inasogeza tarehe ya malipo kwa kuongeza mwezi mmoja juu ya tarehe ya malipo iliyopita. Februari inakuwa 28. Machi, ikihesabiwa kutoka Februari, inakuwa 28 pia, na kuanzia hapo mteja hatarudi tena mwisho wa mwezi maisha yake yote. Njia iliyo sahihi ni kuhifadhi tarehe ya mwanzo na kuhesabu kila malipo kutoka hapo: mwanzo na mwezi mmoja, mwanzo na miezi miwili, mwanzo na miezi mitatu. Hivyo Februari inapata 28, Machi 31, Aprili 30. Watu waliosoma hisabati huchukizwa na jambo hili, na wana haki, kwani hapa kujumlisha hakufuati desturi zake za kawaida. Ukiongeza mwezi mmoja mara mbili hupati sawa na kuongeza miezi miwili kwa mkupuo, na ukiongeza mwezi kisha ukautoa hurudi ulikotoka: 31 Januari inakwenda 28 Februari na kurejea 28 Januari.

Umri nao ni hesabu ya miezi na miaka, si ya siku. Kugawanya idadi ya siku kwa 365.25 kunaweza kumpa mtu miaka 18 siku moja baada ya siku yake, na siku hiyo moja ndiyo mfumo wa umri uliwekwa kuilinda. Kwa aliyezaliwa 29 Februari, hata kanuni nzuri ya programu haitoshi, kwa kuwa jibu ni la kisheria: Hong Kong humhesabu kuwa ametimiza umri tarehe 1 Machi katika mwaka mfupi, yaani usio na 29 Februari, ilhali Taiwan humhesabu tarehe 28 Februari. Maktaba yako imechagua mojawapo bila kukuuliza.

Kanuni ya mwaka mrefu yenyewe ni fupi: mwaka unaogawanyika kwa 4 ni mrefu, isipokuwa unaogawanyika kwa 100, isipokuwa tena unaogawanyika kwa 400. Mwaka 2000 ulikuwa mrefu, 1900 haukuwa, na 2100 hautakuwa. Watu wengi huijua, na bado mifumo huanguka, kwa sababu kujua kama mwaka ni mrefu ni jambo moja na kujua la kufanya na siku ya ziada ni jambo jingine. Mfano ninaoupenda ni ule wa vicheza muziki vya Zune vya gigabaiti 30, vilivyoganda vyote kwa pamoja tarehe 31 Desemba 2008. Kifaa kilihesabu siku tangu mwanzo wa 1980 na kutafuta mwaka kwa kitanzi hiki, ambacho hapa nimebadilisha majina tu:

```
while (siku > 365) {
  if (mwakaMrefu(mwaka)) {
    if (siku > 366) {
      siku -= 366;
      mwaka += 1;
    }
  } else {
    siku -= 365;
    mwaka += 1;
  }
}
```

Kifuatilie kwa siku ya 366 ya mwaka 2008. Siku ni zaidi ya 365, kwa hiyo tunaingia ndani. Mwaka ni mrefu, kwa hiyo tunafika kwenye swali la pili, nalo linauliza kama siku ni zaidi ya 366. Hapana, ni 366 kamili. Hakuna kinachopunguzwa, hakuna kinachoongezwa, tunarudi juu, na siku bado ni zaidi ya 365. Mwandishi alikumbuka mwaka mrefu, akauandikia tawi lake, na akasahau siku moja tu, ile ya mwisho, ambayo hutokea mara moja kwa miaka minne. Ushauri uliotolewa kwa wenye vifaa ulikuwa kuacha betri iishe na kusubiri mwaka mpya uingie.

Kosa la aina nyingine lilionekana tarehe 29 Februari 2012, huduma ya Azure ya Microsoft, ya kukodisha kompyuta kupitia mtandao, ilipokwama. Sehemu mojawapo ya mfumo ilikuwa ikitengeneza cheti cha usalama cha kudumu mwaka mmoja, na ilipata tarehe ya mwisho kwa kuchukua tarehe ya leo na kuongeza 1 kwenye mwaka. Matokeo yalikuwa 29 Februari 2013, siku isiyokuwapo, na cheti kikashindikana kutengenezwa. Popote unapoona msimbo unaochukua mwaka, mwezi na siku kama nambari tatu na kubadilisha moja peke yake, simama hapo.

Excel, kwa upande wake, hukosea kwa makusudi. Huamini kwamba 1900 ulikuwa mwaka mrefu, na kwa kuwa huhifadhi tarehe kama nambari za siku, nambari 60 ndani yake ni tarehe 29 Februari 1900. Kosa hilo lilikuwa katika Lotus 1-2-3, programu ya majedwali iliyoitangulia, na Microsoft ikalirithi ili majedwali ya zamani yafunguke bila kubadilika. Anayesoma nambari za tarehe kutoka faili la Excel kwa hesabu yake mwenyewe lazima alijue jambo hili, tena ajue kwamba kuna mfumo wa pili unaoanza 1904, uliotokana na kompyuta za Mac, ambao hutofautiana na wa kwanza kwa siku 1,462. Programu hiyo hiyo ina hamu kubwa ya kuona tarehe hata zisipokuwapo: jeni za binadamu zilizoitwa MARCH1 na SEPT1 zilikuwa zikigeuka kuwa tarehe ndani ya majedwali ya watafiti kwa miaka mingi, hadi kamati inayosimamia majina ya jeni ilipoamua mwaka 2020 kuziita MARCHF1 na SEPTIN1. Ilikuwa rahisi zaidi kubadilisha jina la jeni kuliko kubadilisha tabia ya programu.

Kuhusu kusoma na kuandika tarehe sitakaa sana, maana mengi yanajulikana. Maandishi `03/04/2024` ni 4 Machi kwa Mmarekani na 3 Aprili kwa wengi wengine, na hatari yake ni kwamba siku za kwanza 12 za kila mwezi husomeka kimya kimya kwa njia zote mbili, na kuanzia 13 ndipo makosa yanaanza kupiga kelele. Muundo wa kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, yaani `2024-04-03`, umekuwapo tangu 1988 na una faida ya ziada kwamba ukiupanga kialfabeti unajipanga pia kwa wakati. Miaka ya tarakimu mbili bado ipo: Python husoma 69 kuwa 1969 na 68 kuwa 2068, kwa hiyo aliyezaliwa 1965 huwa hajazaliwa bado. Miezi ya JavaScript huanza na sifuri huku siku zikianza na moja.

Mtego mmoja wa uandishi, hata hivyo, unastahili aya yake. Katika Java, herufi `yyyy` ndani ya muundo wa tarehe ni mwaka wa kalenda, lakini `YYYY` ni mwaka wa wiki, yaani mwaka unaomiliki wiki ambamo siku hiyo imo. Kwa siku nyingi miaka hiyo miwili ni sawa, na msimbo wenye `YYYY-MM-dd` hupita majaribio yote kuanzia Januari hadi katikati ya Desemba. Tarehe 30 Desemba 2024 ilikuwa Jumatatu ya wiki ya kwanza ya 2025, na msimbo huo uliiandika `2025-12-30`. Kosa hudumu siku chache, wengi wakiwa likizo, kisha hujiponya lenyewe kabla mtu hajalichunguza. Ni nadra sana mtu kuuhitaji mwaka wa wiki pasipo kuhitaji pia nambari ya wiki. Kwa hiyo nikiona `YYYY` bila `ww`, herufi za nambari ya wiki, kando yake, siulizi, ninaomba ibadilishwe.

Vipindi huleta ugomvi wa aina yake. Hoja ya SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, inayosema `BETWEEN '2024-01-01' AND '2024-01-31'` ni sahihi kabisa juu ya safu ya DATE. Juu ya safu yenye saa, inachukua kila kitu hadi 31 Januari saa 00:00 na kutupa mauzo yote ya siku ya mwisho. Wengine hujibu kwa kuandika `23:59:59.999`, na kama aina ya safu ni `datetime` ya SQL Server, ambayo haina usahihi wa milisekunde moja moja, thamani hiyo hukadiriwa kwenda juu na kuwa usiku wa manane wa 1 Februari, kwa hiyo kumbukumbu za mwezi unaofuata huingia. Kwa nukta za wakati ninatumia daima mwanzo unaohesabiwa na mwisho usiohesabiwa: kuanzia `2024-01-01` na chini ya `2024-02-01`. Kwa tarehe tupu ninaacha lugha ya watu itawale, kwa sababu mkataba unaosema hadi tarehe 31 unaihesabu tarehe 31, na kumlazimisha mwanasheria au mhasibu aandike tarehe 1 ya mwezi unaofuata ni kuhamisha tatizo la programu kwenda kwa mtu asiyehusika.

Neno hatari kuliko yote katika eneo hili ni "leo". Karibu kila lugha ina fanksheni inayotoa tarehe ya leo bila kuuliza swali lolote, na jibu lake hutegemea ukanda uliowekwa kwenye mashine inayoendesha programu. Saa 10:30 ya UTC, huko Pago Pago katika Samoa ya Marekani ni saa 23:30 ya jana, na huko Kiritimati ni saa 00:30 ya kesho. Tarehe tatu zinaishi kwa wakati mmoja. Kwa hiyo msimbo unaouliza kama kuponi imekwisha muda wake hauna budi kujua inaisha wapi: kwa saa za mnunuzi, za duka, au za seva. Ukanda huo uandikwe waziwazi ndani ya msimbo, hata kama ni UTC, ili anayesoma aone kwamba kuna mtu aliamua.

Ushauri unaorudiwa sana, kwamba kila kitu kihifadhiwe kwa UTC, ni mzuri kwa yaliyopita na mbaya kwa yajayo. Tukio lililokwisha kutokea ni nukta ya wakati, na UTC inalifaa. Lakini mkutano wa mwakani saa 10:00 asubuhi huko Mexico City ni makubaliano kuhusu saa ya ukutani. Aliyeuweka mkutano huo mwaka 2021 kwa ajili ya Julai 2023 alipata saa 15:00 ya UTC, kwa sababu kanuni za wakati huo zilisema Julai saa zitakuwa zimesogezwa mbele. Oktoba 2022 Mexico ikaufuta utaratibu huo katika sehemu kubwa ya nchi, na saa 15:00 ya UTC ikawa saa 09:00 asubuhi. Ilipaswa kuhifadhiwa tarehe, saa ya mahali na jina la ukanda, `America/Mexico_City`, kisha UTC ihesabiwe upya kila hifadhidata ya kanda inaposasishwa. Tofauti peke yake, kwa mfano `-05:00`, haitoshi, kwa kuwa haisemi ni nchi gani itakayobadilisha sheria. Mabadiliko hayo wakati mwingine huja bila muda wa kujiandaa: Machi 2023 serikali ya Lebanon ilitangaza kuahirisha kusogeza saa zikiwa zimebaki siku chache, baadhi ya taasisi zikakataa kufuata, na uamuzi ukabatilishwa siku chache baadaye. Kwa siku hizo nchi moja ilikuwa na saa mbili, na hakuna maktaba ambayo ingeweza kutoa jibu moja sahihi.

Tarehe za kale huwahusu wachache, lakini huingia kwa mlango wa nyuma. Kalenda ya Gregory ilianza kutumika Oktoba 1582, ambapo tarehe 4 ilifuatwa na tarehe 15. Uingereza iliifuata mwaka 1752 na Urusi mwaka 1918. Aina za zamani za Java hubadilisha kalenda katika mwaka 1582, ilhali `java.time`, maktaba mpya ya Java, na Python huitumia kalenda ya Gregory hata kwa tarehe za kabla ya hapo. Anayetumia `0001-01-01` kama alama ya "hakuna tarehe", kisha akaipitisha kutoka `java.time` kwenda aina za zamani, ataikuta imekuwa `0001-01-03`, na ulinganisho wake wa kutafuta tarehe tupu hautapata kitu. Apache Spark, mfumo wa kuchakata data nyingi, ililazimika kushughulikia tofauti hiyo ilipobadilisha kalenda yake katika toleo la 3.0. Mahali pasipo na tarehe paachwe NULL, yaani bila thamani yoyote.

Katika majaribio, msimbo usiisome saa ya mashine moja kwa moja. Upewe saa kutoka nje, ili jaribio liweze kusema kwamba leo ni 29 Februari, au 31 Januari, au 30 Desemba, na kubaki hivyo. Mashine nyingi za majaribio zimewekwa UTC, ambayo ndiyo mazingira ambamo makosa mengi niliyoyaeleza hayaonekani kabisa, kwa sababu usiku wa manane wa mahali na usiku wa manane wa UTC ni kitu kimoja. Kwa hiyo huwa ninaendesha majaribio yale yale mara mbili, mara moja kwa `TZ=Pacific/Kiritimati` na mara moja kwa `TZ=Pacific/Pago_Pago`. Kati ya kanda hizo mbili kuna saa 25, na hakuna hata dakika moja ya mwaka ambayo sehemu hizo huwa na tarehe moja.